Abebe Bikila na Ugwe wa Mgongo

Jioni ya tarehe 10 Septemba, 1960, watu waliojipanga kando ya barabara za mji wa Roma waliona jambo ambalo hawakulitazamia. Kiza kilikuwa kimekwisha kuingia, na askari walikuwa wameshika mienge ili kuwamulikia wakimbiaji wa marathoni. Aliyetokea mbele katika mwanga ule alikuwa askari wa gadi ya Mfalme wa Ethiopia, kijana wa miaka 28 jina lake Abebe Bikila, naye alikuwa akikimbia miguu mitupu. Alifika penye Tao la Konstantino baada ya saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hapakuwa na mtu aliyekuwa amewahi kuumaliza mwendo huo wa meta 42,195 kwa muda mfupi kuliko huo. Alikuwa Mwethiopia wa kwanza kupata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki.

Miaka minne baadaye, huko Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa muda wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Wiki zipatazo tano tu kabla ya hapo alikuwa amepasuliwa tumbo ili kuondolewa kidole tumbo. Kabla yake hakuna mtu aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Alipokwisha kuvuka utepe hakuanguka chini kama walivyofanya wengine, bali alijilaza juu ya nyasi na kuanza kunyosha miguu kwa mazoezi, mbele ya watazamaji waliopigwa na butwaa.

Mwaka 1968, mjini Mexico, mguu ulikuwa na maumivu naye akalazimika kuacha mbio baada ya kilometa zipatazo 17. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda. Wasomaji wa Tanzania wanaikumbuka sana siku hiyo kwa sababu nyingine, kwani ndiyo mbio ambayo John Stephen Akhwari aliumia goti, akafungwa bendeji, na hata hivyo akafika uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Basi katika barabara ile ile Bikila alimaliza maisha yake ya mbio za miguu, ingawa yeye mwenyewe hakujua bado kwamba ameyamaliza.

Usiku wa tarehe 22 Machi, 1969, motokaa yake ndogo aina ya Volkswagen ilimshinda, ikapinduka naye akiwa ndani. Alibaki amenaswa humo mpaka asubuhi ya pili alipookolewa na kupelekwa hospitali. Shingo ilikuwa imeumia. Mtu ambaye miguu yake ilijulikana dunia nzima hakuweza tena kuisogeza, na siku zile za kwanza hata mikono na kichwa havikumtii.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo gani hasa lilitokea ndani ya mwili wake usiku ule, na jinsi alivyoyajenga upya maisha yake katika miaka minne na nusu iliyomsalia. Habari zake huandikwa mara nyingi kama mkasa wa kusikitisha na zikaishia hapo. Kwa mwanafunzi wa elimu ya viumbe, habari hizo ni zaidi ya masikitiko.

Ugwe ni kitu gani

Hatuna budi kwanza kutofautisha vitu viwili ambavyo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Uti wa mgongo ni mfupa, au tuseme mfululizo wa mifupa midogo iitwayo pingili. Kwa binadamu pingili ni 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano za nyonga ambazo kwa mtu mzima zimeungana kuwa mfupa mmoja, na nne ndogo za mwisho ambazo ni masalio ya mkia. Kati ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu kinachopunguza mshindo. Katikati ya kila pingili pana tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji mrefu. Ndani ya mfereji huo ndimo unamopita ugwe wa mgongo.

Ugwe, kama neno lenyewe linavyoonyesha, ni uzi mnene au kamba nyembamba. Ugwe wa mgongo una unene wa karibu kidole cha mwisho cha mkono, na kwa mtu mzima una urefu wa sentimeta zipatazo 45. Ni mfupi kuliko uti wenyewe, kwa sababu tangu utotoni mifupa hurefuka kuupita, hata mwisho wake huwa karibu na pingili ya kwanza ya kiuno. Kutoka katika ugwe huchipuka jozi 31 za neva, ambazo hutawanyika mwilini mwote. Neva za kuingia huleta habari za joto, maumivu, mguso na mkao wa viungo. Neva za kutoka hupeleka amri kwa misuli.

Na tumfikirie sasa Bikila akipita katika mawe ya barabara ya kale ya Apia, mjini Roma, bila viatu. Tukikadiria kwamba hatua yake moja ilikuwa ya meta 1.7, basi alipiga hatua zinazokaribia 25,000. Kila unyayo ulipogusa jiwe, habari zilipanda kutoka mguuni: jiwe hili lina ncha, hili linateleza, kifundo kimepinda kidogo upande wa nje. Amri zikashuka: kaza hapa, legeza pale. Habari hizo na amri hizo zote, kwa muda wa zaidi ya saa mbili, zilipita katika uzi ule wenye unene wa kidole. Neva zenye kasi kubwa kuliko zote huweza kupeleka habari kwa mwendo wa meta 100 na ushei kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kutoka unyayoni hadi ubongoni huweza kumalizika katika muda wa sehemu chache za mia za sekunde.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani bila chombo chochote ila rula. Mwanafunzi mmoja aishike rula wima kwa ncha ya juu, na mwenzake aweke vidole viwili tayari penye alama ya sifuri bila kuigusa. Rula iachwe ghafla bila kutoa ishara, na mwenzake aidake. Ikiwa ameidaka penye sentimeta 20, basi kwa kanuni ya miili inayoanguka, s = ½gt², muda uliopita ni karibu sekunde 0.2. Wanafunzi watashangaa kuona kwamba huo ni muda mrefu kuliko ule unaohitajika kwa habari kusafiri katika neva peke yake. Sehemu kubwa ya muda hutumika machoni na ubongoni, ambako habari hupokewa, hupimwa na kuamuliwa. Amri ikishatolewa hushuka upesi, ikatokea kwenye ugwe penye sehemu ya shingo, ikaenda mkononi.

Kisha mwalimu amkalishe mwanafunzi mezani, miguu ikining'inia, na kugonga polepole chini ya kifuniko cha goti kwa ukingo wa kiganja. Mguu utaruka mbele wenyewe. Hapa habari haikupelekwa ubongoni ili iamuliwe. Imefika katika ugwe, na amri imetoka hapo hapo. Vitabu vingi hufananisha ugwe na waya wa simu, nami sina ugomvi na mfano huo maadamu tunakumbuka kwamba waya wa simu haujibu simu wenyewe. Ugwe hujibu. Jambo hili lina maana kubwa kwa jamaa za mgonjwa, kama tutakavyoona.

Linalotokea uti unapovunjika

Watu wengi hudhani kwamba ugwe wa aliyevunjika shingo au mgongo umekatika vipande viwili kama kamba iliyopigwa panga. Hilo hutokea kwa nadra. Kwa kawaida pingili huteguka au hupasuka, na mfupa au kisahani kikaubana na kuuponda ugwe kwa nukta moja tu ya wakati. Nyuzi nyingine hufa papo hapo. Lakini madhara hayaishii hapo. Katika saa na siku zinazofuata sehemu iliyopondwa huvimba ndani ya mfereji wa mfupa usioweza kutanuka. Damu haipiti sawasawa, seli hukosa oksijeni, nazo zinapokufa hutoa kemikali zinazoua seli jirani. Jeraha hukua. Ndiyo maana namna majeruhi anavyobebwa kutoka penye ajali yaweza kuamua kama mtu atatumia mikono yake au hataitumia.

Jambo la pili ni mahali jeraha lilipo. Kanuni ni rahisi: sehemu zote zinazopata neva zao chini ya jeraha ndizo zinazoathirika. Aliyeumia kiunoni huweza kupooza miguu lakini kifua na mikono vikabaki na nguvu zake. Aliyeumia katika sehemu ya chini ya shingo hupoteza pia sehemu ya mikono, kwa kuwa neva za mikono hutoka kati ya shingo ya chini na mwanzo wa kifua. Akiumia juu zaidi, penye neva ya tatu hadi ya tano za shingo, hata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hulegea, na pumzi huwa mashakani.

Bikila aliumia shingoni. Mwanzoni hakuweza kusogeza kichwa wala mikono, lakini baada ya miezi kadhaa mikono ilirudi, miguu isirudi kamwe. Yawezekanaje? Mara tu baada ya ajali ugwe wote chini ya jeraha hunyamaza, hata ile mitikio isiyohitaji ubongo. Madaktari huiita hali hii mshtuko wa ugwe, nayo huweza kudumu siku au wiki kadhaa. Wakati huo hakuna awezaye kusema kwa hakika ni nini kitakachorudi. Uvimbe ukipungua, nyuzi ambazo zilikuwa zimebanwa bila kufa huanza kazi tena.

Na hapo ndipo jamaa hudanganyika. Baada ya mshtuko kupita, goti la mgonjwa likigongwa mguu huruka, pengine kwa nguvu kuliko wa mtu mzima. Misuli hukakamaa na kutikisika yenyewe usiku. Mama mtu hushangilia: anapona! Kumbe mguu unajibiwa na ugwe peke yake, nao haupati tena habari za ubongo. Daktari mwenye busara huwaeleza watu jambo hili mapema.

Kwa nini nyuzi zilizokufa haziungi? Mtu akikatwa neva ya mkononi na ikashonwa vizuri, huota tena kwa kiasi cha milimeta moja hivi kwa siku, na baada ya miezi kidole huhisi. Nyuzi za ugwe zina uwezo mdogo mno wa kuota, na tena zimezungukwa na mazingira yanayozizuia: utando wa mafuta unaozifunika una protini zinazozuia kuota, na seli jirani hujenga kovu mahali pa jeraha. Baadhi ya samaki na salamanda huweza kuuunga ugwe uliokatika na wakaogelea tena. Sisi tumenyimwa jambo hilo, na wataalamu wangali wanatafuta kwa nini.

Hospitali ya Stoke Mandeville

Wiki moja baada ya ajali Bikila alisafirishwa kwa ndege mpaka Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi minane. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Kituo cha majeruhi wa uti kilifunguliwa hapo mwezi Februari 1944, katika Vita Kuu ya Pili, chini ya Dk. Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939. Kabla ya hapo aliyevunjika uti alihesabiwa kuwa mfu anayesubiri siku. Katika Vita Kuu ya Kwanza wengi wao walikufa katika wiki au miezi michache, na jambo la kuzingatia ni kwamba hawakuuawa na jeraha la ugwe. Waliuawa na ngozi na kibofu.

Ngozi kwanza. Mtu mzima akilala hujigeuza mara nyingi bila kujua, kwa sababu mahali palipokandamizwa huuma. Aliyepooza hapati habari hiyo. Mfupa wa nyonga hukandamiza ngozi juu ya godoro, damu haipiti, na katika saa chache nyama huanza kufa. Hutokea kidonda cha kulalia, nacho huweza kuchimba mpaka mfupani na kuingiza sumu katika damu. Dawa yake haikuwa ya kunywa wala ya sindano. Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alipita wodini usiku kuhakikisha kwamba amri yake inafuatwa. Wauguzi waligeuza watu kwa mikono yao, mamia ya mara kwa wiki.

Kibofu kilihitaji usafi wa namna hiyo hiyo. Aliyepooza hajui kwamba kibofu kimejaa, wala hawezi kukiamuru. Mkojo uliobaki hushambuliwa na vijidudu, ambavyo hupanda hadi kwenye figo. Kutoa mkojo kwa mpira safi, kwa saa maalum, kuliokoa watu wengi kuliko upasuaji wowote wa mgongo.

Walipokwisha kuokolewa wasife, likazuka swali ambalo hapo nyuma halikuwapo: waishi kwa kazi gani, na kwa furaha gani? Guttmann aliona kwamba mazoezi ya kuchosha ya hospitali hayapendwi na mtu, lakini mchezo hupendwa. Tarehe 29 Julai, 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, aliwakusanya wanajeshi 16 wa zamani, wanaume 14 na wanawake wawili, wakashindana kulenga shabaha kwa upinde huku wameketi katika viti vya magurudumu. Michezo hiyo ikawa ya kila mwaka. Mwezi Septemba 1960 ilifanyika Roma, ikiwa na washindani wapatao 400 kutoka nchi 23, siku chache tu baada ya Olimpiki kufungwa. Hiyo ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Ndugu msomaji ataona ajabu ya jambo hili. Katika mji ule ule na mwezi ule ule ambamo Bikila alikimbia miguu mitupu, watu wa viti vya magurudumu walikuja kushindana baada yake. Huko Tokyo ilikuwa vivyo hivyo mwaka 1964: yeye alishinda Oktoba, wao walishindana Novemba. Mara mbili walifuatana kwa wiki chache, bila shaka yeye asijue kwamba iko siku atakuwa mmoja wao.

Kujifunza mwili mwingine

Mkimbiaji wa marathoni ana mikono myembamba. Miaka yote ya mazoezi aliyopewa na mwalimu wake, Onni Niskanen wa Sweden, ilikuwa imeijenga miguu, moyo na mapafu, wala si mabega. Sasa mabega ndiyo yaliyotakiwa kufanya kila kitu: kusukuma kiti, kujiinua kutoka kitandani, kujihamisha kwenda msalani, na kuuinua mwili kitini mara kwa mara ili ngozi ipate damu. Ni sawa na kumwambia fundi seremala kwamba tangu leo atafanya useremala kwa miguu.

Tena kuketi kwenyewe ni kazi. Sisi huketi bila kufikiri kwa sababu misuli ya tumbo na mgongo hukaza na kulegea kila nukta. Aliyepooza kiwiliwili huanguka upande akinyosha mkono mmoja. Hana budi kujifunza kujisawazisha kwa kichwa na mabega, na kuyatumia macho yake yamwambie mahali mwili wake ulipo, kwani ngozi haimwambii tena. Upinde ulichaguliwa na Guttmann kwa sababu hii hasa: kuvuta uzi huimarisha mabega na mgongo wa juu, na kulenga hulazimisha mwili utulie. Mwenye kupooza huweza kumshinda mwenye kutembea katika mchezo huo, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyeambiwa kwamba mambo yake yamekwisha.

Mwezi Julai 1970, miezi kama 16 baada ya ajali, Bikila alishindana katika Michezo ya Stoke Mandeville, kwa upinde na kwa mpira wa meza. Mwaka 1971 alialikwa Norway kwenye michezo ya walemavu. Alialikwa kama mgeni, lakini hakukubali kukaa akitazama. Alishindana tena kwa upinde na mpira wa meza, kisha akaingia katika mbio za sileji, kile kigari kinachoteleza juu ya theluji, akawashinda washindani wenzake wote. Mwana wa nyanda za juu za Shewa akashinda thelujini! Sioni kwamba ushindi huu ni mdogo kuliko ule wa Roma, ingawa vitabu vya michezo huutaja kwa mstari mmoja.

Nao ulipatikana kwa mwili wenye vikwazo ambavyo mtazamaji hawezi kuviona. Moyo hupiga wenyewe, lakini neva zinazouharakisha hutoka katika ugwe penye sehemu ya juu ya kifua. Jeraha kamili la shingo huzitenga na ubongo, na hapo moyo wa mwanamichezo, hata ajitahidi namna gani, aghalabu hauzidi mapigo 130 hivi kwa dakika, hali kijana mwenye ugwe mzima hufikia karibu 200. Jasho nalo huongozwa kwa njia hiyo hiyo. Chini ya jeraha ngozi haitoi jasho la kupoza mwili, na katika nchi zetu za joto mtu wa namna hii huweza kupatwa na homa ya jua mahali ambapo wenzake wanatoka jasho tu. Wanafunzi wenye mwenzao wa kiti cha magurudumu wasimwache juani kiwanjani. Kitambaa kilicholowa maji shingoni humsaidia sana.

Bikila mwenyewe alisema kwamba ushindi wake ulikuwa mapenzi ya Mungu na ajali ilikuwa mapenzi ya Mungu, na kwamba alipokea ya pili kama alivyopokea ya kwanza. Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa heshima katika Olimpiki ya Munich, na uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Frank Shorter wa Marekani, mshindi wa marathoni mwaka huo, alipokwisha kuvishwa nishani alikwenda kumpa mkono. Tarehe 25 Oktoba, 1973, Bikila alifariki Addis Ababa kwa kuvuja damu ubongoni, matatizo yaliyohusishwa na ajali yake. Alikuwa na umri wa miaka 41. Mfalme Haile Selassie alitangaza siku ya maombolezo ya taifa, na maelfu kwa maelfu ya watu walimsindikiza kaburini.

Ipo hatari moja inayofaa kujulikana na kila anayemtunza mtu aliyeumia shingo au kifua cha juu, ingawa haifai kudai kwamba ndiyo iliyomwua Bikila. Kibofu kikijaa mno, au nguo ikibana, au kidonda kikichokoza ngozi chini ya jeraha, ugwe hujibu wenyewe kwa kuikaza mishipa ya damu. Ubongo hauwezi kupeleka amri ya kuilegeza, kwa kuwa njia imefungwa. Shinikizo la damu hupanda ghafla mno. Mgonjwa huumwa kichwa kwa kishindo, uso na shingo hutoka jasho, na mishipa ya ubongo huweza kupasuka. La kufanya ni kumketisha wima mara moja, kulegeza nguo, na kuhakikisha mkojo unatoka, kisha kumwita mganga. Guttmann na mwenzake Whitteridge walilieleza jambo hili mwaka 1947, lakini mpaka leo wapo wahudumu wanaolichukua kuwa ni kuumwa kichwa tu.

Hapa kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la ugwe. Chanzo kikubwa ni ajali za barabarani na kuanguka. Hapa kwetu tunajua yote mawili: basi lililopinduka, pikipiki ya abiria watatu, kijana aliyepanda mnazi au mwembe na tawi likakatika.

Mara nyingi anayefika kwanza si daktari, bali ni mpita njia, na huenda akawa mwanafunzi wa sekondari. Desturi yetu ya huruma ndiyo inayotuponza. Tunamvuta majeruhi kwa mikono, tunamketisha, tunampa maji, tunamkunja katika kiti cha nyuma cha teksi. Ikiwa amelalamika maumivu ya shingo au mgongo, au hahisi miguu, au amezimia, asiketishwe wala asikunjwe. Mtu mmoja apige magoti na kukishika kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Akiwa anapumua na hakuna moto wala hatari nyingine, na asubiri hapo hapo mpaka wapatikane watu wenye ujuzi. Ikilazimu kumhamisha, watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga zikienda kwa mstari mmoja, ubao au mlango uliong'olewa upitishwe chini yake, naye alazwe juu yake. Jambo la kwanza kuliko yote ni pumzi: asiyepumua ahudumiwe pumzi kwanza, shingo baadaye.

Kuhusu tiba, uchunguzi unaendelea. Mwaka 2018 wataalamu wa Lausanne, Uswisi, walitangaza kwamba watu waliopooza kwa miaka mingi waliweza kupiga hatua, wakisaidiwa, baada ya kuwekewa juu ya ugwe vipande vidogo vinavyoupa umeme kwa mpango maalum. Ugwe haukuunganishwa; ule uwezo wake wa kujibu wenyewe, tuliouona penye goti la mwanafunzi, ndio uliotumiwa. Lakini hizo bado ni kazi za maabara na hospitali chache. Kwa mgonjwa wa wilayani, mto mzuri wa kukalia, mipira safi ya mkojo, na kiti cha magurudumu chenye matairi yanayoweza kupita mchangani ndivyo vitu vinavyoongeza miaka. Pia darasa lisilo na ngazi mlangoni.

Tuwaachie wanafunzi hesabu moja. Mwezi Novemba 2021, mjini Oita, Japani, Marcel Hug wa Uswisi, aliyezaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, alimaliza marathoni katika kiti cha magurudumu matatu kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Tafuteni mwendo wake wa wastani kwa sekunde, mkaulinganishe na ule wa Bikila mjini Roma. Kisha elezeni, kwa kutumia mlioyasoma kuhusu nguvu na msuguano, kwa nini mwenye kiti humpita mkimbiaji mbali sana katika barabara tambarare, lakini katika mlima mkali faida hiyo hupungua, hata pengine ikapotea kabisa.